Kadi ya Sitini na Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza saa nne asubuhi, na saa nne na robo ilikuwa imeshaingia ofisini. Bati la chumba cha kadi linavuja palepale lilipovuja mwaka jana na mwaka juzi. Nimeweka ndoo ileile. Daktari kapita, kaitazama ndoo, kaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetengeneza paa.

Ofisi yetu inatunga kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili. Nina miaka kumi na moja hapa na tumefika herufi T. Zamani wahariri walikuwa sita. Sasa amebaki Daktari, mkuu wetu, pamoja na Binti Kompyuta anayechapa akiwa na spika masikioni, haulizi kitu wala haulizwi. Mimi ni mhudumu. Nafagia, nachemsha chai, napanga kadi kwenye makabati. Naitwa Mama Chai, ingawa sina mtoto anayeitwa Chai.

Leo Daktari kaniita.

"Mama Chai, hili neno 'take' limetushinda. Lina maana hamsini, sitini, sijui ngapi. Wahariri watatu wamestaafu wakilikwepa. Wewe si unajua Kiingereza kidogo?"

"Kidogo, Daktari."

Kiingereza changu nimekiokota kwenye kurasa zilizoharibika, ambazo kila Ijumaa naagizwa kuzichoma. Nilizisoma kwanza, ndipo nikazichoma. Kwa hiyo nimejifunza kwa mpangilio wa kamusi: nilijua talaka kabla ya ndoa, na mazishi kabla ya ugonjwa. Mpaka S niko vizuri. T ndiyo kwanza naiona.

"Basi lishughulikie. Kila maana kadi moja. Juu namba na maana, chini sentensi ya mfano, kwa lugha zote mbili. Na mfano utoke kwenye maisha, usiutoe hewani. Sitaki paka aliyelala juu ya mkeka. Ukimaliza kabla bodi haijakutana, mwisho wa masika, nitawaambia wakupe nafasi ya mhariri msaidizi. Si iko wazi tangu mwaka juzi?"

Iko wazi. Kila siku nakifuta vumbi kiti chake.

Jumanne, 4 Machi

Kadi ya kwanza. Pembeni chini kuna nafasi ya jina la mkusanyaji. Nimeandika langu kwa herufi ndogo, kama mtu anayebisha hodi.

Ijumaa, 7 Machi

Kadi nne. Neno hili lina roho mbaya. Mwingereza amelitupia kila kazi, kama wanavyonitupia mimi. Sisi dawa tunameza, picha tunapiga, mtihani tunafanya, basi tunapanda, kiapo tunakula, joto la mgonjwa tunapima. Yeye kote ni 'take', 'take', 'take'. Ama ni mvivu, ama ni mtu aliyezoea kuchukua mpaka kila kitu anakiona hivyo.

Kwenye maana ya kumeza dawa nimeandika: Mama hamezi dawa ya presha mpaka nimtishe kwa sindano. Imetoka kwenye maisha. Imetoka kwenye maisha ya asubuhi ya leo.

Jumapili, 9 Machi

Mama kanikuta mezani na kadi.

"Jumapili yote unaandika 'teki'. Wanakulipa ya Jumapili?"

"Nitapewa cheo, mama."

"Nani kasema?"

"Daktari."

"Daktari yupi? Yule ambaye tulikwenda kumzika mamake mwaka jana, ukakesha unapika, na hata 'poleni na kazi' hakusema?"

"Alikuwa na msiba."

"Msiba haufungi mdomo kwenye ahsante tu. Kwenye wali alikuwa anaufungua vizuri."

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Ndoo mbili.

Jumatatu, 17 Machi

Kadi kumi na nne. Ya kumi na moja ni kupiga picha, na hapo mkono ulikuwa mzito. Juu ya meza ya mikutano pametundikwa picha ya wafanyakazi wa kamusi. Daktari kakaa katikati. Siku ile mpiga picha alipofika, niliambiwa niharakishe vitafunio, na niliporudi na sinia watu walikuwa wameshatawanyika. Nikaandika: Walipiga picha ya wafanyakazi wote nikiwa jikoni. Daktari alisema nisitoe mfano hewani. Sijautoa hewani.

Nilidhani nimeshasahau. Kumbe nilikuwa nimeweka tu.

Alhamisi, 20 Machi

Binti Kompyuta kaja kuchukua kadi za kuchapa. Kachukua, kaondoka. Hata habari za asubuhi hakuna. Nahisi ndiye anayempelekea Daktari habari za jikoni. Mtu asiyesikiliza kitu siku nzima lazima anasikiliza kitu.

Jumamosi, 29 Machi

Mama kakubali dawa bila sindano. Kaniuliza, "Leo umefika ngapi?" Nikamwambia ishirini na tisa. "Ya ishirini na tisa ni nini?" Kuvua, kama kuvua nguo au viatu. Nikamsomea mfano: Mkuu akivua viatu ofisini, sisi tunafungua madirisha hata kama mvua inanyesha.

Mama kacheka mpaka presha ikanitia wasiwasi.

"Hiyo wataichapa kwenye kitabu?"

"Daktari atasoma kwanza. Ataifuta."

"Ataifuta vipi? Si kweli?"

Alhamisi, 3 Aprili

Hajaifuta. Kapitia karatasi zote nikimtazama kwa pembe ya jicho: kidole kinashuka kwenye namba, moja, mbili, tatu, mpaka chini. "Vizuri, Mama Chai. Ongeza kasi. Na chai leo imepoa."

Jumatano, 9 Aprili

Maji yamefika kabati la herufi P. Nimeanika kadi kwenye kamba ya jikoni kama nguo za mtoto. Daktari kasema nimetawanya kumbukumbu za taifa. Kumbukumbu za taifa zilikuwa zinaelea.

Na hii imenipa kadi ya arobaini, maana ya kuhitaji: Kuhamisha kabati la kadi kunahitaji watu wawili, mmoja ni mimi, na wa pili huwa hayupo.

Alhamisi, 17 Aprili

Nitaandika taratibu ili nisitoboe karatasi.

Leo nilikuwa nafuta meza ya Daktari. Juu palikuwa na rasimu ya bodi, kurasa kumi na mbili, neno 'take' lote mpaka kadi ya hamsini na sita nilipofikia. Imechapwa vizuri sana. Maana zangu. Mifano yangu. Na kila kadi, pembeni, kwenye nafasi ya mkusanyaji, jina la Daktari na shahada zake zote mbili. Mara hamsini na sita. Nilizihesabu kwa kidole kama anavyohesabu yeye.

Kwenye ukurasa wa mbele kaandika dibaji: "Kila mfano uliomo humu umetoka katika maisha ya mkusanyaji mwenyewe."

Kaingia nikiwa bado nimeishika.

"Daktari, hapa pana kosa."

"Kosa gani?"

"Jina."

Kavuta kiti, kakaa, kaweka sauti ya kumtuliza mgonjwa. "Sikiliza, dada yangu. Bodi haiwezi kupokea neno zito kama hili kutoka kwa mtu wa birika. Watalikataa kabla ya kulisoma. Nimelibeba kwa jina langu ili lipite. Faida ni ya kamusi. Mimi na wewe tuko kitu kimoja."

Dada yangu. Miaka kumi na moja Mama Chai, leo dada yangu.

"Na nafasi ya msaidizi?"

Katazama dirisha. "Hiyo nayo... Shemeji yangu kamaliza chuo, yuko nyumbani tu. Ana shahada. Bodi inapenda shahada. Anaanza Jumatatu, tarehe ishirini na nane. Wewe utamsaidia kuzoea, si ndiyo? Mmalizie tu hizo maana zilizobaki."

Nikasema, "Nimekusikia." Sikusema nimekubali. Nikaenda kuosha vikombe. Kimoja kimevunjika. Sitadanganya kwenye daftari langu mwenyewe: nilikichagua. Kilikuwa chake.

Nimerudi nyumbani kwa miguu na mvua yote juu yangu, na sikuisikia. Kichwani nilikuwa namjibu. Nilimjibu mpaka mlangoni, majibu mazuri, yote yamechelewa. Niliwaza niwachomee kabati zima Ijumaa pamoja na kurasa mbovu. Kiberiti kiko kwangu. Makaratasi wameniaminia mimi.

Nikamwambia mama kwamba naacha kazi. Nilitegemea aseme si nilikwambia. Hakusema. Kaniuliza:

"Zimebaki kadi ngapi?"

"Kumi na mbili, nadhani."

"Maliza."

"Nimmalizie yeye?"

"Maliza. Ukiiacha hapo atasema ulishindwa, na utakuwa umempa la kusema. Halafu ujue la kufanya ukiwa umemaliza. Nipe dawa yangu."

Ijumaa, 18 Aprili

Sikwenda. Homa. Homa ya hasira ni homa, nimejipima.

Jumatatu, 21 Aprili

Nilimfuata Binti Kompyuta mezani kwake, nikamtoa spika sikioni kwa mkono wangu.

"Wewe ndiye uliyechapa jina lake?"

Kashtuka. "Ndiyo, dada. Aliniagiza."

"Na ukachapa."

"Ningekataa ningekwenda wapi? Mkataba wangu ni wa mwezi mwezi."

"Ungeniambia basi!"

"Nilidhani mmeelewana." Kanitazama usoni, na ndipo nikagundua miaka mitatu sijawahi kumtazama yeye. Macho yamechoka. "Nilidhani unajua. Kila siku unamwekea chai, unasema 'karibu Daktari'. Nikasema labda mna mambo yenu."

Kumbe na mimi kuna mtu alikuwa ananiona mpambe.

Kisha kasogeza kiti, kasema polepole, "Lakini mifano hajaisoma."

"Hata mmoja?"

"Angesoma angeniita. Anahesabu namba tu. Ile ya ishirini na tisa, ya viatu, nilicheka mpaka nikatoka nje. Nyumbani huwa nawasomea wadogo zangu kadi zako. Wanauliza yule mama mwenye birika leo imekuwaje."

Nimekaa nikiwaza. Daktari kasema mfano utoke kwenye maisha. Kasema nimalizie. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo.

Jumatatu, 28 Aprili

Shemeji kaanza kazi. Ananukia manukato mpaka kadi za P zimekauka. Kakaa kwenye kile kiti, kakizungusha mara mbili, kaniambia, "Mama, sukari mbili." Nimempa chumvi mbili. Kainywa yote. Shahada kweli ni uvumilivu.

Jumatano, 30 Aprili

Kadi ya hamsini na saba, kumdhania mtu kuwa kitu fulani: Alinidhania mjinga kwa sababu nabeba birika.

Jumanne, 6 Mei

Kadi ya sitini na moja, kujitwalia: Alijitwalia sifa ya kadi nilizoandika mimi. Mwandiko umetoka mzuri kuliko wa kadi zote. Nimeshangaa. Nilidhani hasira hutetemesha mkono.

Binti kaja kuichukua. Kaisoma kasimama.

"Dada, hii una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Basi sibadilishi hata nukta."

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Shemeji kaniuliza kama T inakuja kabla ya U.

Alhamisi, 15 Mei

Kadi ya sitini na nane. Nimemaliza. Maana ya mwisho ni kuvumilia, nayo nimeiandika mara moja bila kufuta.

Usingizi umenitoroka, lakini si kwa hofu ya kazi. Hofu yangu ni kwamba bodi nayo itahesabu namba tu, itapiga makofi, itakunywa chai, na mambo yatakwisha hivyo. Jina lake litakwenda kwenye kitabu na kitabu kitakaa miaka hamsini.

Ijumaa, 23 Mei

Bodi imekutana leo. Watu saba. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu, bibi mdogo wa umbo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na tabia ya kusema "soma" badala ya "habari". Daktari kavaa suti. Viatu, namshukuru Mungu, hakuvua.

Nilikuwa kwenye meza ya pembeni na birika. Binti kwenye kompyuta akiandika kumbukumbu za kikao. Shemeji karibu na mlango.

Daktari kaeleza jinsi neno 'take' lilivyomnyima usingizi masika nzima. Alisema "nilikaa na neno hili". Alisema "nililipiga mwereka". Mikono yangu ilikuwa inapanga vijiko, na kila kijiko nilikilaza kama namlaza yeye.

"Vizuri," kasema Bibi Mwenyekiti. "Tusomee."

"Nisome muhtasari, Bibi?"

"Soma kadi. Maana na mfano. Mimi kamusi naipimia kwenye mifano."

Kaanza kwa sauti ya redio. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, salama. Ya nne: "Kumeza. Mama hamezi dawa ya presha mpaka nimtishe kwa sindano."

Bibi kainua kalamu. "Ngoja. Mama yako si tulimzika mwaka jana?"

"Ah, ni mfano tu, Bibi."

"Hapa kwenye dibaji umesema kila mfano umetoka kwenye maisha yako."

"Kwa... kwa maana pana."

"Haya. Soma."

Kasoma, lakini sasa macho yalikuwa yanatangulia mdomo. Alipofika ya kumi na moja kasita, na sote tukamwona anasita.

"Soma."

"Walipiga picha ya wafanyakazi wote... nikiwa jikoni."

Watu saba wakainua macho ukutani, juu ya kichwa chake, alipokaa katikati ya picha amekunja mikono.

"Jikoni," kasema Bibi.

Mjumbe mmoja kakohoa kwenye leso. Daktari kageuza kurasa mbili pamoja.

"Sikukwambia uruke. Rudi. Ishirini na tisa."

Ya viatu kaisoma kwa sauti ya chini, mpaka mjumbe wa mwisho akamwomba arudie. Karudia. Nikasikia kicheko cha Binti nyuma ya kompyuta, kidogo, kikazimwa. Ya arobaini kaisoma. Ya hamsini na saba, ya birika, kaisoma jasho likimtoka. Na hapo Bibi hakumtazama tena yeye. Kageuka taratibu, miwani na uzi wake, akalitazama birika, kisha aliyelishika.

"Sitini na moja," kasema, bado akinitazama mimi.

Daktari kaweka karatasi mezani. "Bibi, hii ni hujuma. Kuna mtu kachezea rasimu."

"Hakuna aliyechezea," kasema Binti, kasimama. "Nimechapa kilichoandikwa. Kilichobadilishwa ni jina tu, na nilibadilisha kwa agizo lake. Kadi zenyewe ziko kabatini, zimeandikwa kwa mkono, na jina la mwenyewe liko pembeni."

Katoka, karudi na droo nzima kifuani, kaiweka mbele ya Bibi. Bibi kasoma kadi moja baada ya nyingine bila haraka, na chai ya watu saba ikapoa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja haikuwa kosa langu.

Alipofika ya mwisho kaninyooshea. "Hii soma wewe."

Nikasoma: "Kuvumilia. Miaka kumi na moja nimevumilia; sivumilii tena."

Nilidhani nitaisoma kwa ukali. Nilifanya kazi ya siku nyingi kuuandaa ukali huo. Imetoka kama mtu anayetaja anwani yake.

Uamuzi ulichukua dakika tano. Majina yabadilishwe yote. Mimi mhariri msaidizi, kwa majaribio ya miezi sita. Shemeji apelekwe ghala la vitabu. Daktari apewe onyo la maandishi, abaki mkuu, "kwa kuwa hatuna mwingine kwa sasa". Kwa majaribio! Miaka kumi na moja nilikuwa najaribiwa nini? Na yule aliyeiba ana barua, na mimi niliyeibiwa nina mtihani. Nilifungua mdomo niyaseme hayo, lakini Bibi alikuwa ameshasimama kunipa mkono.

"Hongera sana, mwanangu. Hii ndiyo kazi niliyoitafuta kwenye kamusi hii miaka yote." Alisema kwa moyo, naapa. Kisha akakaa, akafunga faili lake, na mkono wake wa kushoto, wenyewe tu, bila yeye kuutazama, ukaninyooshea kikombe.

Sikusogea.

Mkono ukabaki hewani. Bibi akainua macho, akaona kikombe, akaniona mimi.

"Birika liko pale, Bibi," nikasema.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Daktari alikuwa anatazama viatu vyake. Bibi Mwenyekiti akasukuma kiti, akatembea hatua sita mpaka meza ya pembeni, akajimiminia, akaonja.

"Imepoa," kasema.

"Ndiyo."

Akainywa yote kasimama.

Jumamosi, 24 Mei

Nimemweleza mama kila kitu. Kanirudisha kwenye kikombe mara tatu. "Hatua ngapi?" Sita. "Na hakukasirika?" Sijui, mama. Mimi ndiye niliyekuwa nimekasirika, sikupata nafasi ya kumtazama.

Jumatatu, 26 Mei

Leo mvua imekatika. Jua limeingia chumba cha kadi kupitia tundu lilelile.

Daktari kajichemshia chai mwenyewe, kaisahau jikoni, birika limeungua mpaka mshikio umeyeyuka. Hatusemezani. Binti kahamishia kompyuta yake karibu na meza yangu, spika moja sikioni, nyingine imening'inia.

Nimekaa kwenye kile kiti. Nilipopitia kadi kwa mara ya mwisho kabla ya kwenda neno linalofuata, nikaona kuna maana nimeiruka muda wote huu, tena ya kazi yangu mwenyewe. Nimechukua kadi safi. Sitini na tisa: kunywa, hasa chai. Mfano: Bibi Mwenyekiti alikunywa chai aliyojimiminia mwenyewe.

Pembeni, kwenye nafasi ya mkusanyaji, nimeandika jina langu, na la baba, na la ukoo. Halikutosha. Limevuka mstari, nami nimeliacha livuke.